Mshipa wa ini alilopandikizwa mume wangu umebana: ni puto, ni stenti, au ni ini jingine?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Soweto, Moshi. Mume wangu ana miaka 54. Ini lake liliharibiwa na homa ya ini B, na miezi minane iliyopita kijana wetu mkubwa alimpa upande wa kulia wa ini lake. Upasuaji ulifanyika Delhi. Alirudi vizuri, akaanza hata kushinda dukani. Tangu mwezi uliopita tumbo limejaa, miguu imevimba, na akilala chali pumzi inakata. Ultrasaundi ya hapa Moshi imeandika kuwa vena ya kulia ya ini imebana, damu inapita kwa kasi ya sentimita 7 kwa sekunde na wimbi lake ni bapa. Sehemu moja walimtoa maji mara mbili na kumwongezea Lasix. Sehemu nyingine wakataka aanze dawa za TB. Delhi wanasema tumrudishe awekewe puto, pengine na stenti. Wazee wa ukoo wanasema mwili umelikataa ini la mtoto, hela nyingine zisipotee. Je, ini limekufa? Puto lenyewe ni kitu gani? Haliwezi kufanyika hapa nchini? Na ikishindikana, mtoto wetu wa pili atalazimika kutoa lake?

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Kwa hayo uliyoandika, ini halijakufa, na kilichoandikwa kwenye karatasi ya ultrasaundi hakielezi mwili kukataa ini. Kinaeleza damu inayoingia kwenye ini ikashindwa kutoka. Hilo ni tatizo la mshipa. Mara nyingi linatibika kwa puto, bila kupasuliwa upya na bila mtoaji wa pili. Lakini halingojei. Mwezi mmoja wa kutoa maji na kuongeza vidonge vya kukojosha umeshapotea, na nisingependa upotee wa pili.

Ini la mtu mzima hupokea karibu lita moja na nusu ya damu kila dakika. Robo tatu ya damu hiyo hutoka kwenye utumbo na bandama kupitia vena ya potali, robo iliyobaki huletwa na ateri. Yote hiyo ina njia moja ya kutokea: vena tatu, ya kulia, ya kati na ya kushoto, zinazomwaga kwenye vena kuu, vena kava, sentimita chache tu kabla ya moyo. Unaishi Moshi, unaijua mifongo, ile mifereji inayoteremsha maji vihambani kwenye migomba. Kihamba kikifunguliwa maji halafu mkondo wa kutokea ukazibwa na tope, migomba haifi siku ile. Ardhi inalowa kwanza, maji yanavuka kingo kwenda kwa jirani, mizizi inaoza baadaye. Ini la mzee liko kwenye hatua ya kulowa. Limevimba kwa damu iliyotuama, maji yake yanajipenyeza kupitia gamba la nje na kudondokea tumboni. Pumzi kukata akilala ni kwa sababu tumbo linasukuma mapafu juu, au maji yamepanda kifuani, kwa kawaida upande wa kulia. Picha ya eksirei ya kifua itatoa jibu hilo kwa nusu saa.

Swali la kwanza la kujiuliza ni mshipa gani hasa uliobana, maana kwa mtu aliyepewa nusu ya ini kuna njia zaidi ya moja, na hazina uzito sawa.

Upandikizaji wa ini kutoka kwa mtu aliye hai ulifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 huko Brisbane, Australia, mama alipompa mtoto wake kipande kidogo cha kushoto. Kwa mtu mzima kipande hicho hakitoshi. Kanuni inayotumika ni kwamba ini linalotolewa liwe na uzito wa angalau asilimia 0.8 ya uzito wa anayepewa. Mtu wa kilo 70 anahitaji gramu 560 hivi. Ndiyo maana kwa watu wazima huchukuliwa upande wa kulia, ambao peke yake ni kama asilimia 60 ya ini zima. Kasoro yake ni moja. Vena ya kati hupita kwenye mpaka wa pande mbili na kuhudumia zote mbili. Hospitali nyingi humwachia mtoaji vena hiyo kwa usalama wake, kwa hiyo sehemu ya mbele ya kipande cha kulia, zile ambazo madaktari huziita sehemu ya 5 na ya 8, hutoka mwilini mwake zikiwa na mishipa iliyokatwa, haina pa kumwaga. Wapasuaji huiunganisha kwa kipande cha mshipa mwingine au kwa bomba la kitambaa maalumu, halafu bomba hilo hushonewa kwenye vena kava.

Sasa, bomba hilo la kitambaa huziba kwa wagonjwa wengi ndani ya miezi michache ya kwanza, na kwa sehemu kubwa hakuna tatizo, kwa sababu kufikia wakati huo ini limeshajitengenezea vijia vya ndani vya kupeleka damu kwenye vena ya kulia. Nimeona familia ikifunga mizigo kwenda uwanja wa KIA kwa sababu ripoti imesema bomba limeziba, wakati mgonjwa anakula vizuri, tumbo ni bapa na vipimo vya damu ni safi. Huyo hahitaji kuguswa. Ila vena ya kulia yenyewe ikibana, habari inabadilika, kwa kuwa huo ndio mlango mkuu wa kipande chote, na hata vile vijia vya ndani vinautegemea. Ripoti yako inataja vena ya kulia, na mgonjwa ana dalili. Kwa hiyo nalichukulia kwa uzito. Tafuta ile karatasi ndefu ya kuruhusiwa mliyopewa Delhi. Ndani yake imeandikwa mishipa mingapi ilishonwa na kwa kutumia nini. Daktari yeyote atakayemgusa mzee aisome karatasi hiyo kwanza, kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Kwa nini ibane baada ya miezi minane, wakati kila kitu kilikuwa sawa? Kubana kwa wiki za mwanzo huwa ni jambo la ushonaji: mshono umevuta, ini limekaa kwa kujipinda, au bonge la damu linaukandamiza mshipa. Kubana kwa baadaye kuna sababu nyingine. Kwanza, kovu. Mshipa ulioshonwa unajiponya kwa kuota utando wa ndani, na kwa wengine utando huo unazidi. Pili, ini linakua. Kipande hukua haraka katika miezi miwili mitatu ya kwanza, na kinapojaza nafasi iliyo wazi tumboni hugeuka kidogo. Mshipa uliokuwa umenyooka siku ya upasuaji unavutwa au unakunjika. Hakuna mtu aliyekosea chakula, wala hakuna aliyenyanyua gunia la saruji akasababisha.

Nije kwenye karatasi ya ultrasaundi, maana aliyeipima amefanya kazi nzuri na inastahili kusomwa vizuri. Vena za ini ziko jirani na moyo, kwa hiyo damu yake huchezacheza kila moyo unapopiga: inasonga mbele, inarudi kidogo, inasonga tena. Kwenye kioo cha Dopla, yaani ultrasaundi inayopima mwendo wa damu, hilo huonekana kama mstari unaopanda na kushuka. Mshipa ukibana, ule mchezo wa moyo haufiki tena kwenye ini na mstari unalala. Hilo ndilo wimbi bapa. Nalo peke yake halihukumu. Ini lililovimba au lenye makovu, hata mgonjwa aliyebana pumzi wakati wa kupimwa, anaweza kutoa wimbi bapa. Wimbi linalocheza lingenituliza moyo zaidi kuliko wimbi bapa linavyonitisha. Kinachoniamsha ni kasi. Sentimita 7 kwa sekunde ni ndogo. Chini ya 10, kwa mgonjwa mwenye maji tumboni, tunatafuta mahali palipobana mpaka tupaone. Ningependa mpimaji arudie, aweke kifaa pale pale vena inapoingia kwenye vena kava, aone kama damu inaruka kwa kasi kubwa kwenye tundu dogo. Kasi ndogo nyuma ya kizuizi na kasi kubwa kwenye tundu: hiyo ndiyo saini ya mshipa uliobana. Apime pia vena ya potali, ateri na vena kava, kwa sababu miguu iliyovimba inanifanya niulize kama vena kava nayo imebana. Inaweza pia kuwa ni albumini tu, protini ya damu, iliyoshuka.

Kabla ya kwenda mbali, kuna kipimo rahisi ambacho kingefanyika siku ya kwanza alipotolewa maji, na sijui kwa nini watu hukiruka. Chukua maji ya tumboni na damu ya mkononi siku hiyohiyo, pima albumini katika vyote viwili, toa moja kwa nyingine. Tofauti ikiwa gramu 1.1 kwa desilita au zaidi, maji yanasukumwa na presha ya mishipa. Ikiwa chini ya hapo, tafuta TB, saratani au maambukizi ya utando wa tumbo. Halafu pima protini yote ya maji hayo: ikizidi gramu 2.5 huku ile tofauti nayo ikiwa kubwa, kizuizi kiko mbele ya ini, yaani kwenye vena zinazotoka au kwenye moyo wenyewe. Hesabu seli pia, ili kujua kama maji yameingiwa na bakteria. Hayo yote maabara ya hospitali ya rufaa kama KCMC inayaweza. Na kwa kuwa moyo umetajwa, eko, yaani ultrasaundi ya moyo, isikosekane. TB ya gamba la moyo ipo katika nchi yetu na hujaza tumbo kwa namna hiyohiyo.

Kuhusu dawa za TB nakuomba uwe mkali. Simlaumu aliyezipendekeza, mtu mwenye tumbo lililojaa maji na kinga iliyoshushwa kwa dawa ni haki kumfikiria TB. Lakini zisianzwe kwa kubahatisha. Rifampisini iliyomo ndani yake hulifanya ini kuichoma haraka takrolimu, dawa ya kushusha kinga anayokunywa mzee asubuhi na jioni, na kiwango cha takrolimu kwenye damu kikianguka, hapo ndipo mwili utalikataa ini kwelikweli. Ikithibitika ana TB atatibiwa, kuna namna ya kubadilisha dawa, ila Delhi wawe kwenye simu kabla ya kidonge cha kwanza.

Na Lasix? Inapunguza maji yaliyokwisha kumwagika, haifungui mshipa. Takrolimu tayari inazisumbua figo. Ukiongeza Lasix juu ya Lasix kwa mtu ambaye damu yake imetuama kwenye ini, figo zinakauka na sasa mna viungo viwili vya kuuguza. Kutoa maji kwa sindano kumpa nafuu ya kupumua ni sawa, hata kabla ya safari ya ndege ningeshauri yapunguzwe. Wakitoa zaidi ya lita 5 kwa mkupuo wampe albumini kwa dripu, gramu 6 hadi 8 kwa kila lita iliyotoka.

Haya, puto. Watu wakilisikia neno hilo hufikiri ni kitu kitakachobaki tumboni. Hakibaki. Mgonjwa hulala kwenye meza ya eksirei, hupewa dawa ya usingizi mwepesi na ganzi upande wa kulia wa shingo. Daktari wa tiba radiolojia hupitisha sindano kwenye mshipa wa shingoni akiutazama kwa ultrasaundi, kisha waya laini, kisha mrija mwembamba uitwao katheta. Kutoka shingoni njia inanyooka: inapita chemba ya kulia ya moyo, inaingia vena kava, inakata kona kuingia vena ya ini. Njia hiyo ikigoma, na hugoma tundu likiwa dogo kama la pini au mshipa ukiwa umekunjika, wanaingia kwa sindano kupitia mbavu za kulia moja kwa moja kwenye ini, wanatokea upande wa pili.

Wakishafika, jambo la kwanza ni kupima presha pande zote mbili za palipobana. Hapa ndipo penye uamuzi, na ndipo ninapotaka wazee wa ukoo wasikilize. Mshipa mzima hauna tofauti ya maana kati ya ndani ya ini na moyo. Tofauti ikizidi milimita 5 za zebaki, wengi wetu tunasema kizuizi ni cha kweli. Wengine huanzia 3 mgonjwa akiwa na dalili. Picha yaweza kudanganya, kwa sababu mshipa uliokunjika huonekana mbaya kwenye siti skani na kumbe damu inapita. Presha haidanganyi kirahisi hivyo. Wakati huohuo, kwa njia hiyohiyo ya shingoni, wanaweza kunyofoa vipande vidogo vya ini kwa ajili ya hadubini. Kwa mtu mwenye maji tumboni hiyo ni salama kuliko kumchoma sindano ubavuni.

Tofauti ikithibitika, puto lililokunjwa juu ya katheta husukumwa mpaka katikati ya palipobana na kujazwa maji yenye dawa inayoonekana kwenye eksirei. Mwanzoni puto hutokea kwenye kioo likiwa na kiuno, limebanwa katikati. Presha ya bomba la sindano inaongezwa taratibu, na ghafla kiuno kinafunguka. Mgonjwa huhisi maumivu ya kubana chini ya mbavu kwa dakika ile. Hiyo ni kawaida, na yanapotea puto likinywea. Wanarudia mara mbili tatu, wanapima presha tena, wanatoa kila kitu. Shingoni anabaki na plasta.

Stenti ni neti ya chuma laini inayojitanua na kubaki mle ndani milele, upana wake kwa mtu mzima huwa kati ya milimita 10 na 14. Je, puto au stenti? Wataalamu hawakubaliani, na hospitali za Korea Kusini, zenye uzoefu mkubwa kuliko wote katika upandikizaji wa aina hii, huwahi stenti kuliko wengine. Kwa mgonjwa wa wiki za kwanza nami ningewahi stenti, kwa kuwa mshono bado ni mbichi, puto laweza kuuchana, na mshipa uliokunjika hurudi ulivyokuwa mara tu puto likitoka. Kwa mzee, aliye mwezi wa nane na ambaye kuna uwezekano ni kovu, ningeanza na puto. Likifunguka na presha ikashuka, mnamwacha na kumfuatilia. Puto peke yake lina udhaifu mmoja: kwa wagonjwa wengi mshipa hubana tena ndani ya miezi, na wengine huhitaji puto la pili na la tatu. Hilo msilione kama kushindwa. Ikibana tena upesi, au presha ikikataa kushuka pale pale mezani, stenti iwekwe bila mjadala.

Kwa nini nisianze na stenti moja kwa moja nimalize? Kwa sababu haitoki. Ikiwekwa vibaya inaweza kuteleza mpaka ndani ya moyo. Inaweza kuziba mlango wa mshipa jirani. Na siku ikija, Mungu aepushe, akahitaji ini jingine, chuma kile kimegandamana na vena kava mahali ambapo mpasuaji anahitaji kupabana na kupashona. Nakubali kwamba wenzangu wengine wataisoma aya hii na kutikisa kichwa.

Matarajio ni mazuri. Katika taarifa za hospitali kubwa za Asia, mshipa hufunguka kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Maji hupungua kwa siku na wiki. Usitegemee tumbo lishuke usiku uleule. Hatari zipo: damu kutoka, hasa wakipitia ubavuni, mshipa kuganda damu, maambukizi. Baadaye atapewa dawa ya kuzuia damu kuganda, aspirini au klopidogreli kwa wengine, warfarini kwa wengine, kwa miezi kadhaa. Kila hospitali ina mtindo wake na mfuate ule wa waliomtibu. Akipewa warfarini, ulizeni mapema wapi Moshi mtapima kasi ya damu kuganda na siku gani za wiki, msije mkaanza kulitafuta hilo mkisharudi. Ultrasaundi ya Dopla irudiwe kesho yake, baada ya wiki, baada ya mwezi, kisha kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, na ikiwezekana na mpimaji yuleyule.

Hapa nchini je? Muhimbili wapo madaktari wa tiba radiolojia, Watanzania waliosomea hapahapa Dar es Salaam, na kazi ya kuingia mishipani kwa waya na katheta wanaifanya. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba nje ya India hakuna linalowezekana. Waulizeni mambo matatu: kama wana puto na stenti za upana huo, kama wamewahi kuifungua vena ya ini lililopandikizwa, na nani atakuwa zamu usiku ule akitokwa na damu. Ushauri wangu kwa hali uliyoieleza ni kwamba kama figo zake ni nzuri, hana homa, hajawa manjano na anaweza kukaa kwenye kiti saa nyingi, arudi kwa waliomshona, kwa mara hii ya kwanza. Wao wanajua mshipa uliwekwa pembe gani, na puto likigoma mpasuaji yuko ghorofa hiyohiyo. Ila akianza kuchanganyikiwa, mkojo ukipungua, macho yakigeuka manjano au akitapika damu, msipige hesabu ya tiketi za Delhi. Mkimbizeni hospitali ya rufaa iliyo karibu, kisha Dar, na Delhi washauri kwa simu.

Kuhusu mwili kukataa ini, wazee wana haki ya kuuliza, kwa kuwa jambo hilo lipo, nalo hutibika. Tofauti ni kwamba kukataa ni vita ya kinga: vimeng'enya vya ini hupanda, vipande vya hadubini huonyesha seli za kinga zikishambulia njia za nyongo na mishipa, na tiba yake ni dozi kubwa za methilprednisoloni. Mshipa uliobana nao huharibu ini kuanzia katikati ya vijisehemu vyake, damu imetuama, na hadubini inaweza kuuchanganya na aina fulani za kukataa. Ndiyo maana sitaki apewe dozi za steroidi kabla presha haijapimwa. Hazifungui mshipa, na maji yale ya tumboni yataota bakteria. Vivyo hivyo wingi wa virusi vya homa ya ini B upimwe, na asiruke hata siku moja ya tenofovia au entekavia aliyoandikiwa. Virusi vikirudi navyo hupandisha vimeng'enya na kuwachanganya wote.

Nyumbani kuna machache. Diklofenaki na ibuprofeni, hata ile ya kununua duka la dawa kwa maumivu ya mgongo, zinaua figo za mtu aliye kwenye takrolimu. Apewe parasetamoli kwa kiasi. Erithromaisini, klarithromaisini na flukonazoli hupandisha takrolimu kupita kiasi. Balungi vivyo hivyo. Dawa za mitishamba za kusafisha ini, naomba zisivuke mlango wako hata kama zimeletwa na shemeji anayekupenda. Siku ya kupima kiwango cha takrolimu damu itolewe asubuhi kabla hajameza ya siku hiyo; akishameza, namba inayotoka haina maana, na nimeona dozi zikishushwa kwa namba hizo. Kreatinini, kipimo cha figo, ipimwe kabla ya siti skani yenye dawa ya rangi.

Sasa vijana wako. Yule aliyetoa hana kosa wala ini lake halikuwa bovu. Kipande chake kilifanya kazi miezi saba, mzee akarudi dukani. Mwambieni hivyo waziwazi, mbele ya hao wazee, kwa sababu watoaji wengi hujilaumu kimyakimya mambo yakiharibika. Naye akapimwe, kama hajapimwa tangu arudi: ultrasaundi na vipimo vya ini. Kipande kilichobaki kwake kimeshakua karibu kufikia ukubwa wa ini la awali, lakini hawezi kutoa tena. Na huyo wa pili, msimguse kwa sasa, wala msimwite kwenye kikao. Suala la ini jingine huja pale ini lenyewe linaposhindwa, si pale mshipa unapobana, na mshipa ukifunguliwa mapema watu wengi hawafiki huko. Kumweka kijana kwenye shinikizo la ukoo kwa ajili ya upasuaji ambao huenda usihitajike si haki. Hata ukija kuhitajika, uamuzi ni wake, na hospitali yoyote ya maana itamhoji akiwa peke yake.

Wiki hii, basi: ultrasaundi ya Dopla irudiwe na mtu mzoefu, maji ya tumboni yapimwe kama nilivyoeleza, eko, eksirei ya kifua, kreatinini, albumini, bilirubini na vimeng'enya, kasi ya damu kuganda, kiwango cha takrolimu, na siti skani ya tumbo yenye awamu ya vena ikiwa figo zinaruhusu. Siti skani mwombeni mhudumu awape picha zenyewe kwenye diski, siyo maelezo tu. Delhi hawawezi kupanga upana wa puto kwa kusoma sentensi mbili, na picha ya filamu iliyopigwa kwa simu dirishani haionyeshi vena yoyote. Watumieni mafaili yote kwa barua pepe pamoja na ile karatasi ya kuruhusiwa, mwandike uzito wa mzee wa leo na ule wa mwezi uliopita, na muwaulize maswali mawili: ni mshipa upi, na mkianza na puto, ni presha kiasi gani itakayowafanya mweke stenti.